Mtamba wa Shangazi Aliyenenepa Bure

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa shina la mkia wa ng'ombe.

Nilikuwa nimerudi mjini kwetu Baraka kutoka ng'ambo ya ziwa na diploma ya mifugo, niliyojilipia mwenyewe kwa kufyatua matofali. Hakuna wa rika langu aliyekuwa nayo, wala sikuwaacha wasahau. Mcheza kwao hutunzwa, nami nilikuja kutunzwa.

Shangazi yangu, mjane, alikuwa na mtamba mmoja tu wa pembe ndefu, mbegu ndogo ya milima ya Minembwe. Alingoja mtamba huyo azae kwa mara ya kwanza ili wajukuu wapate maziwa. Nikamwambia aniachie mimi. Nikafungua daftari, nikampa ng'ombe pumba za mahindi, mashudu ya mawese na vumbi la ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa kipimo nilichofundishwa cha madume makubwa ya kizungu yanayonenepeshwa kwa nyama. Nikamfunga asitembee. Aling'aa hata wapita njia wakasimama.

Lakini alipandwa mara tatu bila kushika mimba. Shangazi akamwita mchungaji mzee aliyekuwa ameshuka kutoka Minembwe. Daftari langu hakulitazama. Alishika shina la mkia.

"Mutoto wa masomo, huyu ni wa kuzaa ao wa kuchinja?"

"Wa kuzaa, mzee."

"Sasa mbona unamulisha sawa vile harusi iko kesho? Shika hapa. Iko mafuta tupu, na mafuta inafunga mimba."

Shangazi akauliza polepole, "Na maziwa ya bajukuu, itatoka mu diploma?"

Tulipunguza chakula, tukampeleka malishoni. Hakushika. Mwishowe alikwenda kwa mchinjaji, na nyama yake ilisifiwa sana.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilimnunulia shangazi mtamba mwingine, nikamlisha alivyoelekeza mzee: nyasi, chumvi, maji, pumba kidogo, na mwendo wa kila siku. Huyo alizaa.

Leo, kutoka Kazimia hadi Lulimba, ng'ombe akisumbua huitwa mimi, na diploma yangu ingali ukutani. Ila mkono wangu huanzia mkiani.

Basi shika hili, mwanangu. Ng'ombe anayekua anajenga mifupa na uzazi. Wa kunenepeshwa anajenga nyama na mafuta. Mbegu ndogo ya mlimani haili kipimo cha mbegu kubwa. Uliza kwanza huyu ni nani na anatakiwa kwa nini, ndipo ushike ndoo.

Mungu akupe zizi lenye sauti za ndama, na shangazi wa kukuuliza swali.