Tulipolala Juu ya Paa Letu

Enzi zetu, ninyi wenzangu mliogombania kiburu cha ndizi na maharage kwenye sinia moja, akiba haikukaa kwenye simu. Yetu ilikaa chini ya godoro, na ukiigusa ilipiga kelele.

Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mama alibaki na ng'ombe mmoja, na kituo cha maziwa kilimlipa kila mwisho wa mwezi. Kila siku hiyo aliteremka sokoni Kiboriloni, na kabla hajagusa chumvi wala sabuni, alinunua bati moja. Moja tu. Biashara nilijifunzia pale, nimeshika khanga yake. "Hili lina mkunjo, punguza." Mkunjo haukuwepo. Alipunguziwa.

Akipanda mlima nalo kichwani, jua lililipiga likawaka kati ya migomba. Tuliliona bati kabla ya kumwona yeye, tukalikimbilia kama mgeni kutoka mbali.

Maana paa la zamani lilikuwa limeoza. Masika sufuria zote zilikuwa kazini kukinga maji, hata ya mtori. Fundi alisema nyumba inataka mabati thelathini, na Mama aliapa itafika masika isiyomkuta bibi yetu na blanketi bichi. Basi mabati yakalazwa chumbani kwetu, juu yake godoro la majani makavu ya mgomba, juu yake sisi. Ukijigeuza, ngwaa! Bibi aliita kutoka jikoni: "Nani anachezea nyumba?"

Majirani walicheka. "Mama Manka, wenzio hulala chini ya paa, wewe unalilalia!"

Krismasi mabati yalikuwa ishirini na nane. Baba mdogo akaja kutoka Dar na viatu vya ncha. "Shemeji, nikopeshe kumi, Pasaka nakurudishia ishirini."

"Kama una biashara inayozaa hivyo, shemeji, anza na kuuza hivyo viatu."

Jumapili, Mama akiwa kanisani, baba mdogo aliingia chumbani akavuta moja. Bati lilipiga ukelele ukavuka mfereji. Bibi akatokea na mwiko, na nyuma yake majirani walewale wa kucheka.

"Nalinyoosha tu," akasema, wala hakuna aliyemuuliza.

"Na mimi nanyoosha mwiko," akasema bibi.

Mwezi wa pili yakatimia thelathini. Niliyahesabu mara mbili yakipanda paani, moja baada ya jingine, nimeachama: ng'ombe mmoja kainua kitu kikubwa hivyo hadi angani! Mvua ya kwanza ilipopiga, hatukusikizana. Mama alisimama katikati ya nyumba, viganja wazi, akingojea tone. Halikuja. Bibi akazifunika sufuria zote, moja moja. "Leo zipumzike."

Sasa mwanangu ana bodaboda huko mjini, Pasua, na njia tatu za kuweka akiba kwenye simu. "Mama, mimi naweka kila siku." Kweli, asubuhi anaweka. Jioni anatoa. Nimepiga hesabu mara mbili, kilichobaki ni ile simu. Wala simlaumu sana: pesa ya simu hutoka kimya kimya, hata bibi na mwiko wake asingeisikia.

Mvua ikianza, mimi hupanda nyumbani kwetu, nikaketi chini ya yale thelathini. Yameshika kutu. Bado yanapiga kelele.