Siku Alvina Leiker Aliporuhusiwa Kukimbia

Alvina Leiker alikwenda chuoni ili akimbie. Hakuficha jambo hilo kwa yeyote, tangu baba yake aliyelima ngano magharibi mwa Kansas hadi padri aliyembatiza, na hakuna aliyeshangaa. Tangu ana miaka kumi na mmoja walikuwa wakimwona kila asubuhi akiikata barabara ya vumbi ya shambani kwao, nywele zikimchapa mgongoni.

Juma la kwanza, mwaka 1984, Kocha Urban Dreiling alimtazama akizunguka uwanja mara mbili, kisha akamwita.

"Binti, magoti yako yananyooka vizuri mno. Umewahi kutembea?"

"Kutembea? Si nimefika hapa kwa miguu, kocha?"

Wenzake walicheka. Kocha hakucheka.

Chuo cha Mtakatifu Odilia kilikuwa kidogo, na timu yake ya riadha ya wanawake ilikuwa na umri wa miaka minane tu. Ilianza na wasichana watano na uwanja wa majivu ya makaa. Katika miaka yote hiyo, pointi zote ilizopata kwenye mashindano ya taifa ya vyuo vidogo zilitoka katika mchezo mmoja ambao vyuo vingine viliudharau: kutembea kwa kasi. Picha za washindi zilitundikwa kwenye ukumbi mwembamba karibu na chumba cha kufulia. Zilikuwa sita, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mkimbiaji.

Sheria za mchezo huo ni chache lakini hazina huruma. Mguu mmoja lazima uwe chini wakati wote, na goti la mguu unaotangulia linyooke. Ukiinua miguu yote miwili, hata kwa kufumba na kufumbua, mwamuzi anaandika kadi nyekundu. Kadi tatu, unatolewa. Kocha Dreiling aliongeza sheria yake mwenyewe: mtembeaji wake asikimbie kabisa, popote, mpaka yeye amruhusu.

"Hata basi likikuacha, tembea," alisema. "Mwaka ujao tutaona habari ya kukimbia."

Mwaka ujao ulifika, akasema vilevile.

Mwaka wa tatu ikanyesha mvua ya mawe wakati wa mazoezi. Mawe yalikuwa makubwa kama mayai ya njiwa. Timu nzima ilitimua mbio kuelekea jengoni. Jolene Basgall, mrusha kisahani aliyeishi naye chumba kimoja, alimpigia kelele kutoka mlangoni.

"Kimbia, we chizi! Unataka kufa?"

Alvina alikuja akitembea, viwiko vikipiga, nyonga zikizunguka, mawe yakimdunda kichwani. Kocha hakuwepo siku hiyo.

"Nani alikuwa anakuona?" Jolene alimuuliza huku akimfuta damu sikioni.

Alvina aliinamisha kichwa ili amfute vizuri. Ukweli ni kwamba alikuwa amejiambia akimbie, na miguu haikutii. Hilo hakumwambia mtu.

Mwaka wa nne, wakuu wa chuo walitangaza kwamba timu ya wanawake ikirudi bila pointi kutoka mashindano ya taifa itafutwa. Alvina alimfuata kocha ofisini. Alimkuta anakula biroki, mkate wa kwao uliojazwa kabeji na nyama.

"Kocha, nitatembea. Lakini ni mwaka wangu wa mwisho. Niandikishe na mbio za mita elfu moja na mia tano."

"Mchujo unaanza dakika ishirini tu baada ya kutembea, mwanangu."

"Najua."

Kocha aliweka biroki mezani. "Haya. Niletee pointi, halafu kakimbie. Sitakuzuia."

Kwa wiki tatu Alvina alilala akiwazia dakika hizo. Hakuomba medali. Alitaka kukimbia mara moja akiwa amevaa fulana ya chuo, ili alichokwenda kukifanya chuoni awe amekifanya.

Siku yenyewe, mwezi Mei, alitembea mizunguko saba na nusu kama mtu anayebeba maji bila kumwaga. Kadi moja ilipanda ubaoni, ya pili ikafuata. Alibana mwendo. Alimaliza wa nne: pointi nne. Jolene alimnyanyua juu.

"Umetuokoa, shosti! Sasa nenda, nenda, wanakuita!"

Alibadili viatu, akasimama kwenye mstari na wasichana kumi na mmoja. Bastola ya kuanzia ikalia. Wale kumi na mmoja wakaondoka.

Alvina naye aliondoka, kwa kutembea. Goti lilinyooka, kisigino kikatangulia, nyonga ikazunguka. Alitembea vizuri ajabu. Jukwaani watu walianza kucheka, wakidhani ni mzaha wa mtembeaji aliyefurahi, na wengine wakapiga makofi. Alijiambia: inua. Aliuvuta mguu kwa nguvu, mguu ukamkatalia. Mzunguko wa kwanza ukaisha hivyo, wa pili na wa tatu vilevile, na wenzake walikwisha kumaliza zamani.

Kwenye sehemu ya mwisho iliyonyooka kitu kililegea mgongoni, na akainuka. Hewa ilipita chini ya viatu vyote viwili. Papo hapo shingo yake iligeuka pembeni, macho yakimtafuta mwamuzi mwenye kadi.

Hakukuwa na mwamuzi. Alivuka mstari akitembea tena.

"Nilikimbia?" alimuuliza Jolene, akiwa amekaa kwenye nyasi.

Jolene hakujua kudanganya. "Ulikimbia. Hatua kama... tisa."

"Tisa."

"Labda kumi, mama. Usilie."

Kocha Dreiling alikuja na chupa ya maji, akachuchumaa mbele yake. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. Wakuu wa chuo walikuwa wameshapigiwa simu, alisema, na timu ingebaki. Kungehitajika mtu wa kuwafundisha watembeaji wapya, na yeye hakumjua mwingine mwenye mwendo kama wa Alvina.

"Si lazima ujibu leo," alisema.

Alvina alikunywa maji yote. Uwanjani mchujo wa pili ulikuwa umeanza, wasichana wakipita mbele yake kwa kishindo, wepesi, miguu yao ikiiacha ardhi bila kuomba ruhusa. Aliwatazama mpaka wakamaliza kona.

"Nitakuja," alisema.

Alifundisha pale chuoni miaka ishirini na sita.