Siku Niliyofunga Mradi Nikaenda Zangu Kitale

Tuu! Sauti fupi, nzito, kama ng'ombe aliyeanza kulia akabadilisha nia. Hivyo ndivyo kompyuta ya shule moja ya Kitale ilivyonijibu mbele ya ukumbi mzima wa wazazi, na mpaka leo kitu chochote kikilia tuu, hata kama ni lori la maziwa, mimi huinamisha kichwa kwanza. Naona haya kuwaambia, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa Wekesa, maana yeye akisimulia huigiza mpaka sauti yangu.

Wakati huo nilikuwa na cheti cha kompyuta cha miezi sita na ndoto za miaka sitini. Tulikuwa watatu katika chumba kimoja juu ya duka la mabati la Bwana Singh mjini Bungoma: Madam Judith mwenye ofisi, Wekesa, na mimi Nafula. Tulikuwa tunatengeneza programu ya kutoa ripoti za wanafunzi, na shule za mbali ziliivuta kutoka kwa kompyuta yetu kwa laini ya simu. Sasa kulikuwa na kazi moja ya kupanga alama upya, ambayo unaandika amri kwenye skrini nyeusi tupu kisha unangoja karibu saa nzima, na kabla ya kuianza ni lazima ufunge mradi, yaani programu nzima, kwa neno lako la siri, ili mtu mwingine, hata shule, asiuguse ukaharibika katikati. Ikiisha unaufungua kwa neno hilohilo. Na kwa sababu kufuli ya kompyuta haionekani kwa macho, Madam alitundika ufunguo mkuukuu kwenye msumari (alipewa na Bwana Singh, kufuli yake ilishapotea), ukiwa na kamba: anayefunga mradi auvae shingoni, akishafungua aurudishe. Ukisahau, jina lako linaandikwa kwenye daftari. Ukiandikwa mara tatu, unarudi nyumbani kulima.

Wekesa alikuwa ameandikwa mara mbili. Mimi sikuwa nimeandikwa hata mara moja, na nilikuwa nikimkumbusha (kwa upendo tu, lakini nilikuwa nikimkumbusha).

Siku hiyo wazazi wa Kitale walikuwa wanakuja kuchukua ripoti, na mimi ndiye niliyepaswa kwenda kuzitoa. Asubuhi na mapema nikafunga mradi, nikavaa ufunguo, nikaandika amri, herufi zikaanza kutembea kwenye skrini, nami nikajitazama kwenye kioo cha dirisha na sweta yangu mpya ya shingo ndefu (Kitale kuna baridi bana, msinicheke), nikawaza vile wazazi watakavyoniona nikibonyeza kitufe kimoja na ripoti zinamwagika, nikajiambia, si itamaliza yenyewe, mimi wacha niende. Uamuzi mdogo tu. Wekesa alinikuta mlangoni akauliza, "Umemaliza kila kitu?" Nikamwambia, "Wewe angalia yako."

Ukumbini mstari wa kwanza alikaa kukhu mmoja, nyanya kutoka Ndalu, amevaa viatu vya kanisani, na akauliza kwa sauti kubwa, "Ati huyu msichana ndiye anaendesha hiyo mashini?" Nikatabasamu kama bibi harusi. Nikabonyeza. Tuu! Nikabonyeza tena. Tuu! Kwenye skrini: MRADI UMEFUNGWA. Haikusema umefungwa na nani, na mimi sikuhitaji kuambiwa. Nikamgeukia mwalimu mkuu nikasema, "Ni kijana mmoja wa ofisini, ana hiyo tabia."

Simu ya mwalimu mkuu ilishika mtandao dirishani tu, tena juu ya kiti. Nikapanda, nikapiga ya ofisini. Mwalimu mkuu akataka naye asikie, nikaweka sauti ya nje.

"Madam, Wekesa amefunga mradi na wazazi wako hapa!"

"Tena?" Nikasikia daftari likifunguliwa. "Basi hiyo ni ya tatu. Mimi natoka, nina mazishi Matulo. Ongea naye mwenyewe."

Kisha Wekesa, polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa: "Nafula. Hebu shika shingo yako."

Nikashika. Nikavuta kamba kutoka ndani ya sweta, na ufunguo ukatoka ukaning'inia pale juu ya kiti, watu wote wakiutazama.

"Umeona?" akasema. "Sasa nipe neno la siri nikufungulie."

"Nitakutumia ujumbe."

"Salio lako limeisha, uliniambia jana. Sema tu."

Nikasema kwa kunong'ona. Akasema hasikii. Nikasema tena, hasikii, na mwishowe nikapaza sauti hadi madirisha yakatetemeka: "INJINIA NAFULA! Yote pamoja! Bila nafasi!"

Ukumbi ulicheka mpaka mwalimu mkuu akatoa kitambaa afute macho. Dakika chache baadaye ripoti zikaanza kutoka, moja moja, na kukhu wa Ndalu akaipokea ya mjukuu wake kwa mikono miwili, akaniambia bila kejeli hata kidogo, "Asante, Injinia." Hapo ndipo nilipotaka kulia kweli.

Nilirudi Bungoma jioni. Madam hakuwa amerudi kutoka Matulo, na Wekesa alikuwa ametoka, lakini kikombe chake, kalamu zake na picha ya mama yake vilikuwa vimefungwa kwenye gazeti, juu ya meza iliyopanguswa. Hakuwa amemweleza Madam chochote. Daftari lilikuwa wazi, jina lake la tatu limepigiwa mstari mara mbili. Tangu siku hiyo sijawahi kuondoka kabla skrini nyeusi haijanyamaza, wala kutaja jina la mtu kabla sijashika shingo yangu.

Nikakata jina lake, nikaandika langu juu yake kwa herufi kubwa. Nikatundika ufunguo kwenye msumari. Kisha nikafungua lile gazeti, nikarudisha kikombe mahali pake, kishikio kikiangalia kushoto, maana Wekesa hutumia mkono wa kushoto.