Wifi aliponyamaza, tukapiga makofi

Jamani, nawaandikia nikiwa hospitali.

Leo tulikuwa Kanyangi kwa mama mkwe, tunapura ndengu. Wamama wa kanisa walikuja kutusaidia. Mnajua lile vumbi.

Wifi yangu Mwende ako na pumu. Akaanza kukohoa, kisha kifua kikalia kama filimbi.

Inhela ilikuwa ndani ya nyumba, kwa mkoba. Eti hapendi kutembea nayo, ataizoea!

Nikakimbia kuitafuta. Kurudi, nikakuta wamama wamemlaza kwa mkeka, wanamwombea.

Na filimbi imenyamaza.

"Amina! Ametulia!" Makofi.

Nikamwangalia mdomo. Rangi ya jivu. Kila akivuta pumzi, shingo inabonyea.

"Mwende, niite jina langu."

Hata neno moja halikutoka.

Hakuwa ametulia. Hewa ilikuwa haipiti!

Nikamketisha wima, nikampulizia dawa. Nikangoja kidogo, nikapuliza tena. Nikapigia jirani mwenye gari kelele aje.

Mama mkwe akanishika mkono. "Mwana wakwa, mwanangu, mwache apumzike."

"Mama, huku si kupumzika!" Nilimfokea mbele ya wageni. Hiyo nitaisikia mwaka mzima.

Kwa gari, nikaendelea kumpulizia. Tukikaribia hospitali, filimbi ikarudi, kidogo sana. Mama mkwe akashtuka, "Woi, imeanza tena!"

Mimi nikalia kwa furaha. Hewa ilikuwa inapita.

Sasa ako na oksijeni, ananiita jina bila kuulizwa.

Nyinyi mngejua? Niambieni ukweli. Kwa sababu hata mimi, makofi nilipiga.