Udongo Nilioukung'uta

Kampuni ilikuwa ya dawa za mashamba, ofisi yake Arusha mjini. Iliwauzia dawa wakulima wa ngano wa Karatu, lakini ndani ya kreta ya Ngorongoro haikuruhusiwa kunyunyiza hata tone. Kwa hiyo iliajiri watu wa kung'oa kwa mikono, ikasimamisha bango lenye jina lake, na mmoja wa watu hao nilikuwa mimi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, sabuni na sukari tukizipata kwa foleni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nyumbani Endamarariek, kijiji chetu Wambulu huko Karatu, nilishachoka kuulizwa nangoja nini. Wenzangu watatu walipelekwa kwenye ukingo wa msitu. Mimi nilipewa kisiwa. Tulikiita hivyo, ingawa kilikuwa mwinuko tu wa ardhi kavu katikati ya matete, na kiangazi ungeweza kuvuka bila kulowa magoti. Gugu la maua ya njano na majani ya miiba lilikuwa limeshika nusu yake. Halikuwa la pale. Lilitoka mashambani kwetu, na wakubwa walisema likiachwa litamaliza nyasi za wanyama.

Kila asubuhi askari wa wanyamapori alinishusha na gari, alasiri akanifuata. Katikati ya hapo nilikuwa peke yangu na miiba, nikisikiliza nyati wakikohoa ndani ya matete. Ukuta wa kreta ulinizunguka pande zote. Nilikuwa mtu wa kupenda njia, na pale hapakuwa na njia ya kwenda popote.

Mtu pekee aliyekuja alikuwa mzee mmoja wa Kimasai. Wakati huo watu hawakuishi tena chini kwenye kreta, ila ng'ombe walishushwa mchana kulamba chumvi, na upande wa pili wa kisiwa changu kulikuwa na udongo wa chumvi. Alikuja kila baada ya siku mbili tatu.

"We Mmbulu," aliniambia siku ya kwanza, "kwenu ardhi imekwisha mpaka umekuja kulima ya simba?"

"Silimi, mzee. Nang'oa."

"Ukishang'oa unapanda nini?"

"Sipandi kitu."

Alicheka mpaka akaegemea mkuki. "Mmbulu asiyepanda! Hili lazima nikawaambie nyumbani."

Kuanzia siku hiyo nilimwinamishia kichwa kama wanavyofanya vijana wa kwao, naye akanigusa utosini kwa kiganja. Mwanzoni ulikuwa utani. Baadaye nilikuwa nikihesabu siku.

Msimamizi wa kampuni alikuwa ametuelekeza vizuri: ng'oa, tia kwenye gunia vilevile lilivyo, funga, likachomwe kituoni. Lakini mimi nilikua shambani kwa mama yangu, na kwa mama yangu hakuna aliyethubutu kutupa gugu lenye udongo kwenye mizizi. Ungeitwa mvivu mbele ya wageni. Udongo wa mtelemko unaondoka wenyewe na mvua, alisema, usiusaidie. Basi kila shina nililong'oa nililipiga mara mbili tatu kwenye buti, udongo ukaanguka, ndipo nikatia guniani. Vitumba vilivyokauka vilikuwa vimepasuka juu, na ndani mlijaa mbegu nyeusi, ndogo kuliko ulezi. Sikuziona zikianguka. Mkono ulikuwa unafanya kazi iliyofundishwa.

Mvua ziliponyesha, gugu liliota upya, na halikuota ovyo. Liliota kwa mafungu ya duara, kila fungu mahali nilipokuwa nimesimama nikikung'uta. Kwenye njia ya ng'ombe palikuwa na mashina mawili tu. Nilizunguka kisiwa kizima nikiyatazama mafungu yale, na nilielewa kabla sijamaliza kuzunguka.

Wiki ileile meneja alikuja na msimamizi na mpiga picha, kuonyesha kazi iliyofanyika.

"Hii imetoka wapi tena?" meneja aliuliza.

"Ng'ombe, bwana meneja," alisema msimamizi. "Wanaleta mbegu kwenye kwato."

Meneja alinigeukia. "Kijana, ng'ombe wanapita hapa?"

"Wanapita," nikasema.

Hakuniuliza kingine, nami sikuongeza. Akilini niliiona Endamarariek, na wale wa kuniuliza nangoja nini.

Siku chache baadaye askari aliniambia, akibadilisha gia, kwamba mzee amekatazwa chumvi ya upande huu. Angezunguka ya mbali, nusu siku zaidi kwa ng'ombe wenye ndama.

Niliacha kukung'uta. Nilitia kila shina guniani na udongo wake, nikifumba kiganja juu ya vitumba. Miezi ikapita bila mtu kuniita Mmbulu. Mara nyingine niliona vumbi la ng'ombe mbali upande wa ziwa, nikasimama, kisha nikainama tena. Mvua zilizofuata kisiwa kilibaki safi. Mpiga picha alirudi. Msimamizi akamwambia meneja, mimi nikisikia, kwamba sasa imethibitika: ng'ombe wametoka, gugu limekwisha.

Niliacha kazi baada ya picha hizo. Nimeishi Mto wa Mbu, Babati, Singida, na kwingine ambako sikukaa hata msimu mmoja. Niliporudi Karatu mara ya kwanza, nilikwenda mnadani, nikamkuta yule mzee amesimama kando ya ng'ombe wake, amekonda. Niliinamisha kichwa. Mkono ulichelewa kidogo, kisha ukashuka utosini.

"Mmbulu asiyepanda," alisema. "Lile gugu lilikwisha?"

"Lilikwisha, mzee."

Alitikisa kichwa polepole, akiwatazama ng'ombe wake. "Basi walisema kweli. Mimi niliwabishia sana, nikawaita waongo. Kumbe ni hawa."

Mkono wake ulikuwa bado kichwani kwangu. Nilingoja autoe ndipo niseme. Alipoutoa, mnunuzi alimwita, naye akaenda. Jioni ileile nilipanda lori la mahindi la kwenda Arusha.