Mama Rimoti na ndege wa chumba cha presha

Saa moja na nusu asubuhi, mabenchi sita ya chumba cha kusubiri yamekwisha kujaa. Mwanamke mfupi mwenye sare ya kijani iliyopauka anapanda juu ya kigoda, ananyoosha mkono hadi kwenye runinga iliyofungiwa ukutani ndani ya kizimba cha chuma, na kuchomeka flashi.

Runinga inawaka. Ndege mdogo wa kahawia anatokea na jani refu mdomoni. Anajaribu kulifunga kwenye tawi. Linaanguka. Analifuata chini, analirudisha, anaanza upya.

"Huyu naye hajamaliza tu nyumba yake?" anauliza mzee mmoja wa benchi la mbele.

"Bado mlango," anajibu mwanamke, akishuka kigodani. "Shikamoo mzee wangu. Hebu lete mkono."

Kwenye karatasi za ajira yeye ni mhudumu wa afya. Kazi yake ni kupima uzito na presha za wagonjwa na kuandika kwenye kadi zao kabla hawajaingia kwa daktari. Kwa siku hupima watu sitini, siku nyingine themanini. Ana umri wa miaka arobaini na tisa, na kumi na saba kati ya hiyo ameimaliza kwenye chumba hiki.

Wagonjwa wanamwita Mama Rimoti. Rimoti ya runinga inakaa mfuko wa kulia wa sare yake, na matroni wa kliniki anatania kwamba anayeitaka itabidi amfanyie huyu mama upasuaji.

Haikuwa hivyo zamani. Hadi miaka miwili iliyopita, runinga hiyo ilikuwa ikionyesha habari tangu kliniki inafunguliwa hadi inafungwa.

"Ilikuwa inaunguruma tu," anakumbuka. "Moto, mafuriko, risasi, watu wanakimbia na watoto. Mgonjwa anakaa pale dakika arobaini anatazama nyumba za wenzake zinaungua, halafu mimi namwambia, tulia mama, usiongee, nikupime. Atatuliaje?"

Anacheka kidogo, kisha anaongeza: "Lakini nisiseme uongo. Aliyekuwa anaongeza sauti ni mimi mwenyewe."

Alikuwa na sababu. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa amepata kazi ya upishi katika kambi ya wajenzi wa barabara, nchi ya mbali. Mama yao alipofariki, kijana huyo alikuwa na miaka miwili. Dada ndiye aliyembeba mgongoni, akampeleka shule, akamfundisha hata kusonga ugali, kazi ambayo baadaye ilimpa mkate.

Mwezi wa tatu tangu aondoke, mapigano yalizuka katika nchi ile. Siku ya Jumanne simu yake ikaacha kupatikana.

Tangu siku hiyo, dada mtu hakuziacha habari. Kazini alipima presha jicho moja likiwa ukutani. Njiani alisoma simu. Nyumbani alikula amesimama, sahani mkono mmoja, simu mkono wa pili. Akimaliza habari alisoma maoni ya watu asiowajua, na watu asiowajua, kama kawaida yao, walikuwa na uhakika na kila kitu.

"Nilifika mahali nikajua majina ya barabara za mji ambao sijawahi kuukanyaga," anasema. "Nilijua daraja lipi limevunjwa na hospitali ipi haina umeme. Kitu kimoja tu sikukijua, mdogo wangu yuko wapi. Na hicho hakuna aliyekuwa anakisema."

Siku moja alimkuta binti yake wa miaka kumi na miwili amelala na viatu vya shule miguuni. Akamwamsha, akamuuliza kulikoni.

"Ili wakija tukimbie," mtoto akajibu.

"Waje kina nani?"

"Hao wa kwenye simu yako, mama."

Anakiri kwamba hata hilo halikumzindua. Alimvua mtoto viatu, akamfunika, akarudi kwenye simu.

Kilichomzindua kilitokea siku ya kumi na moja. Asubuhi hiyo alipima watu wawili waliofuatana, bibi wa miaka sabini na dereva wa lori. Runinga ilikuwa inatangaza habari za mpakani. Vipimo vya dereva akaviandika kwenye kadi ya bibi, vya bibi akaviandika kwenye kadi ya dereva.

Daktari alitibu alichokisoma. Bibi alitoka na karatasi ya dawa yenye nguvu maradufu ya ile aliyoizoea, na angekwenda kuinywa kama si mfamasia wa dirishani kumfahamu. "Bibi, wewe si wa nusu kidonge siku zote?" akamuuliza. Wakarudi kupima. Kosa likaonekana.

Hakuna aliyeumia. Lakini akisimulia hapa, Mama Rimoti anaacha kukunja kitambaa cha mashine alichokishika.

"Yule bibi aliniambia, 'Usijali mwanangu, kukosea ni kwa watu.' Angenitukana ningepata nafuu."

Matroni hakumpigia kelele. Alimkalisha kwenye kiti kile kile cha wagonjwa na kumpima. Mashine ikasoma 172 kwa 108.

"Nikamwambia, dada, hapa mgonjwa ni wewe," matroni anasimulia. "Nikampa dawa kama daktari alivyoelekeza, na wiki moja ya kupumzika. Halafu nikamwongezea sharti langu mwenyewe, asitazame habari. Akaniuliza, na mdogo wangu je? Nikamuuliza, kwani macho yako kwenye TV ndiyo yanayomkinga?"

Sharti lilikuwa rahisi kutamka. Mtu mwenye ndugu vitani hawezi kuambiwa asitake kujua. Aliyepata njia ni mume wake, seremala, bwana mpole ambaye kwa maneno yake mwenyewe mara ya mwisho kufuatilia habari ilikuwa bei ya mbao ilipopanda.

Tunamkuta karakanani kwake, penseli nyuma ya sikio, akipiga randa fremu ya dirisha.

"Nilimwambia, mama, nipe mimi hiyo kazi. Nitasikiliza taarifa saa saba mchana na saa mbili usiku, basi. Likiwepo la kutuhusu nitakwambia lote, sitakuficha. Lisipokuwepo nitakwambia halipo."

Akaichukua simu ya mkewe, akampa yake ya vitufe, laini ya mkewe ikiwa ndani. Kila siku aliandika alichosikia kwa penseli juu ya kipande cha mbao, ili asisahau wala asiongeze. Vipande hivyo vingine bado viko karakanani. Kimoja kinasomeka: *Mapigano kaskazini. Kambi za barabara ziko kusini. Shemeji hakutajwa.*

"Mume wangu anasoma habari kama anasoma vipimo vya mlango," anasema mkewe. "Hana chumvi. Nilikuwa nasikia kitu kile kile ambacho kingenila siku nzima, kinaisha kwa nusu dakika."

Lakini siku ikabaki ndefu, na mikono haina pa kushika. Siku ya pili ya likizo hiyo, binti alimwekea video aliyoipata kwa rafiki yake: bwana mmoja mwenye suti, anafukuzana na mbuzi aliyemnyang'anya kofia. Kila bwana akikaribia, mbuzi anasogea hatua tatu na kumtazama.

"Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Halafu nikaanza kulia," anasema. "Nilijiona msaliti. Damu yangu haijulikani iliko, mimi nimekaa nacheka mbuzi."

Binti alidhani amekosea. Akataka kuizima. Mama akamzuia, wakaitazama tena, mtoto kichwa chake kikiwa kwenye paja la mama, kitu ambacho hakuwa amefanya kwa wiki mbili.

Asubuhi yake, mama alivikuta viatu vya shule mlangoni, vimepangwa. Mtoto alikuwa amelala miguu mitupu.

"Hapo ndipo nilipoelewa," anasema. "Mimi nilidhani nakesha kwa ajili ya mdogo wangu. Kumbe namkeshesha mtoto wangu."

Wakaendelea. Wakatafuta vichekesho, kwaya za watoto, mchezo wa redio unaorushwa alasiri, mwanamke anayeunganisha vyungu vilivyopasuka. Wakampata na yule ndege. Hofu, anasema, haikuondoka. "Ilikuwepo. Ila ilijisogeza pembeni, ikanipisha nipite."

Siku ya ishirini na tatu, simu ya vitufe iliita. Ilikuwa namba ndefu isiyojulikana.

"Dada, ni mimi."

Alikuwa hai. Yeye na wenzake arobaini walikuwa wamejifungia kwenye ghala la saruji kusini mwa nchi, bila mtandao, akiwapikia uji mara mbili kwa siku. Dada alipomaliza kulia na kumsimulia alivyokaa akitazama kila bomu, mdogo mtu akasema: "Sisi huku jioni tulikuwa tunacheza karata, mshindi anakula ukoko. Vita vyako wewe vilikuwa vikubwa kuliko vyangu, dada."

Si kwamba hakuona mabaya. Wafanyakazi wawili wa kambi walijeruhiwa siku ya kwanza, na hadi leo hapendi kulizungumzia hilo. Alirudi nyumbani mwezi uliofuata, na sasa ni mpishi wa shule.

Mama Rimoti aliporudi kazini, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa runinga. Alimwomba matroni ruhusa ya kubadilisha. Matroni akakubali kwa majaribio ya wiki mbili. Binti ndiye aliyepakua picha na kuzijaza kwenye flashi.

Wiki ya kwanza nusura aipoteze kazi. Mpima ardhi mmoja mstaafu, mzee anayeingia kliniki na magazeti mawili kwapani, alisimama katikati ya chumba.

"Unatufanya watoto! Dunia inawaka, wewe unatuonyesha ndege!"

Akaandika malalamiko, kurasa mbili, kwa mwandiko mzuri. Matroni akawaita wote wawili. Mwafaka ukapatikana: saa sita kamili, habari nusu saa, sauti ya wastani. Kabla na baada ya hapo, rimoti ni ya mama.

"Sikusema watu wasijue," anajitetea. "Habari ni kama vidonge ninavyowaona wakipewa dirishani. Asubuhi kimoja, jioni kimoja. Ukimeza pakiti nzima utalaumu dawa?"

Matroni ni mwangalifu asiseme kwamba ndege anatibu. "Presha tunaishusha kwa dawa, kupunguza chumvi na kutembea. Ndege hayumo kwenye mwongozo. Ninachoweza kusema ni kwamba zamani tulilazimika kuwarudia wengi, kuwapumzisha na kuwapima mara ya pili. Siku hizi si wengi. Na kugombania foleni kumepungua."

Zipo siku ambazo mama mwenyewe anaivunja sheria yake. Mvua kubwa zilipobomoa nyumba katika wilaya za bonde mwaka jana, aliziacha habari ziendelee asubuhi hadi jioni. "Kwenye mabenchi kulikuwa na watu wenye ndugu huko. Siku ile kuwaonyesha ndege ingekuwa kejeli. Niliwaletea maji ya kunywa, nikakaa nao."

Na yule mpima ardhi? Ndiye mzee wa benchi la mbele aliyeuliza kuhusu nyumba ya ndege. Tunapomuuliza kama amebadili msimamo, anakunja gazeti lake polepole.

"Sijabadili chochote. Ila fundi akianza kazi, mimi hupenda kuiona ikikamilika. Ni tabia ya taaluma."

Sasa Mama Rimoti anatazama juu, na si kwa mafumbo. Ghorofani kuna wodi ya wagonjwa wa kiharusi, vitanda kumi na viwili. Wengi wao hawawezi kushuka, wengine hawawezi kusema. Ndugu wanaokuja kuwatazama hukaa pembeni na simu zao, wakisomeana kwa sauti ajali na maafa ya siku.

"Mgonjwa anasikia yote. Hawezi hata kusema, jamani punguzeni," anasema.

Matroni amemruhusu kupeleka redio ndogo sita zinazosoma flashi, zenye visikilizio vya masikioni, wiki ijayo. Mume wake amekwisha kutengeneza vishubaka vya kuziwekea kando ya vitanda. Kwa siku nne zilizopita, baada ya zamu, Mama Rimoti amekuwa akipanda ngazi na daftari la shule, akiwauliza ndugu swali moja: alipokuwa mzima, alikuwa anafurahia kusikia nini?

Kitanda cha nne ni matangazo ya mpira, hasa mechi za zamani ambazo timu yake ilishinda. Cha saba, kwaya. Cha pili, mtu asomewe hadithi ndefu, yoyote, mradi isiishe haraka.

Kitanda cha tisa kilimpa kazi. Mgonjwa ni mama mfugaji ambaye hajatamka neno tangu mwezi uliopita. Aliyejibu ni kijana wake. Mama yake hakuwa mtu wa redio, alisema. Alichokipenda ni kuku wake, pale asubuhi anapofungua banda na wote wanatoka kwa pamoja wakimlalamikia amechelewa.

Mama Rimoti aliandika *kuku*, akapiga mstari chini yake.

"Nimetafuta sauti za kuku, za kwenye mtandao zimewekewa muziki," anasema, akiinuka kuwaita wanaofuata. "Nimemwambia yule kijana, Jumamosi alfajiri atupeleke kwao, mimi na binti yangu. Banda litafunguliwa tukiwa pale na simu ya kurekodi. Nataka wale wale kuku wake."