Fundi wa Anwani za Zamani

Fundi wa tovuti ya gazeti letu, hapa Asunción, huandika kwa vidole viwili huku akishusha pumzi kama mpanda ngazi. Wiki nzima anaandika kanuni za kupeleka anwani za zamani kwenye kurasa mpya. Leo alikosea, anwani mbili zikawa zinarushiana wasomaji, na matangazo ya vifo yakagoma kufunguka. Mjane mmoja, Bi Eduvigis, aliyekuwa akitafuta tangazo la mumewe, akapiga simu: “Mwanangu, mume wangu mnamzika mara ngapi?” Pembe ya tereré, chai baridi ya majani tunayopokezana, ilipomfikia fundi alinyonya, akairudisha bila neno. Kwetu ukisema asante, umejitoa kwenye mzunguko. Akapangusa miwani, akafuta mstari mmoja. “Haya, sasa namwona,” bibi akasema, akakata simu. Pembe ikarudi imejaa. Fundi hakuigusa. “Asante,” alisema, akafumba macho. Simu ikaita tena.